Niliposema Ni Dawa ya Minyoo

Wiki yangu ya mwisho kazini, kijana mmoja aliingia dukani akiwa ameshika simu mbele yake kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini. Alitaka dawa ya minyoo, boksi kumi. Nilipomuuliza kwao wako wangapi, akasema dawa si za minyoo, ni za shangazi yake mwenye kansa ya matiti. Amesoma kwamba dawa hizo zinaua kansa na madaktari wanaficha. Nyinyi wanafunzi wawili mliokuwa nami kaunta siku hiyo mlinitazama mkingoja nimfukuze. Nilimkalisha kwenye benchi, nikamweleza kwamba hakuna anayeficha, kwamba dawa za zamani hujaribiwa kwa magonjwa mapya kila mara, nyingine zikafaa na nyingi zikashindwa, na kwamba shangazi asikose kliniki hata siku moja. Ilichukua karibu nusu saa, foleni ikanuna. Baadaye mkaniuliza kwa nini nilijisumbua hivyo. Sasa nimestaafu na sina foleni, kwa hiyo nitawajibu kwa urefu.

Sitawaeleza nilivyopanda cheo, maana sikupanda sana. Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini katika duka la dawa pale mtaa wa Umoja, chumba kimoja chenye rafu mpaka darini na feni iliyokuwa ikizunguka ilipojisikia. Nilikuwa na diploma mpya na viatu virefu. Kufikia saa sita mchana nilikuwa pekupeku nyuma ya kaunta, na viatu virefu sikuvivaa tena kazini mpaka leo.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Gathecha, mfamasia aliyekuwa amestaafu hospitalini akaona nyumbani hakukaliki. Siku hiyo ya kwanza alinipa kopo la vidonge vya maumivu, sahani ya kuhesabia na kisu butu, akanionyesha jinsi ya kuvuta vidonge vitano vitano bila kuvigusa kwa vidole. Akaniambia nihesabu mia mbili. Nikahesabu, akasema rudia. Nikarudia, akasema rudia. Mara ya tatu nilipata mia moja tisini na saba. Nilijua jibu alilolitaka ni mia mbili, nikasema mia mbili. Mzee Gathecha akafungua kiganja, vidonge vitatu vilikuwa humo. Hakunikaripia, alinipa tu kopo jingine.

Jambo jingine ambalo hamtafundishwa chuoni ni kwamba mtaani kila aliye nyuma ya kaunta ya dawa huitwa daktari. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiwasahihisha watu. Mwezi wa pili nikaacha. Mwezi wa tatu nilikuwa naitika kabla hawajamaliza kuita. Naliandika hili kwa sababu lina sehemu yake katika yaliyotokea.

Dawa ya minyoo tuliyoiuza sana siku hizo iliitwa levamisoli. Shule zikikaribia kufunguliwa, kina mama walipanga foleni na watoto wao, kila mtoto akameza mara moja, basi, mpaka baada ya miezi kadhaa. Hiyo hiyo, kwa jina hilo hilo, ilikuwa ikiuzwa kwenye agroveti, yale maduka ya dawa za mifugo, kama maji ya kunywesha mbuzi. Wauza mbuzi wa soko la Kiamaiko wakija kununua dawa za kikohozi walikuwa wakitutania kwamba tunawauzia watu mabaki ya mifugo. Mzee Gathecha aliwajibu kwamba tofauti ni kwamba mbuzi hawalalamiki kuhusu ladha.

Siku moja akaja mama wa makamo, amejifunga leso vizuri, ana karatasi kutoka kliniki ya uvimbe ya hospitali kubwa. Aliitwa Mama Mbithe, anakaa Kayole, na mgonjwa alikuwa mumewe, Mzee Musyoka, fundi wa kuchonga vinyago. Nikaisoma karatasi. Levamisoli, siku tatu mfululizo, apumzike, arudie kila baada ya wiki mbili, mwaka mzima. Nikacheka kimoyomoyo. Nilimwambia kuna makosa, hii ni dawa ya minyoo na humezwa mara moja tu, nikaanza kumhesabia ya mara moja.

Mzee Gathecha alinyoosha mkono akaichukua ile karatasi. Akaniuliza nimeshampigia aliyeiandika? Sikuwa nimempigia. Simu yetu ilikuwa na kufuli dogo kwenye matundu ya namba, na ufunguo alikuwa nao yeye, kwa hiyo mimi kupewa ufunguo ilikuwa ni kuambiwa jambo zito. Nilipitishwa kwa watu wanne kabla ya kumpata daktari. Alikuwa mtaratibu. Alisema karatasi haina makosa: mgonjwa ameondolewa kansa ya utumbo mpana, anadungwa sindano ya kansa kila wiki, na levamisoli inaongezwa kwa sababu utafiti wa ng'ambo ulionyesha kwamba wanaopata vyote viwili baada ya upasuaji, ugonjwa huwarudia wachache zaidi. Inadhaniwa kwamba inaamsha kinga ya mwili, akasema, lakini peke yake si tiba. Nikashukuru nikakata simu.

Nakiri kwamba nilijivuna sana siku hiyo. Dawa yetu ya watoto wa shule, ya kina mbuzi, ilikuwa imepanda daraja mpaka kliniki ya kansa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitoa. Niliwasimulia hata majirani zangu. Lile neno la mwisho la daktari, kwamba peke yake si tiba, nililisikia lakini sikulitia maanani.

Nilipompa Mama Mbithe vidonge aliomba tuongee pembeni, nyuma ya rafu ya pamba. Akaniambia mumewe hajui. Kaka yake yeye Mama Mbithe aliwahi kuambiwa jina la ugonjwa huo hospitalini. Akarudi nyumbani, akagawa nguo zake, akalala akiangalia ukuta, na hakula tena mpaka akazikwa. Kwa hiyo daktari wa upasuaji alipowaita yeye na shemeji yake, walikubaliana kumwambia Musyoka kwamba tumboni lilitolewa fundo la minyoo. Aliamini, maana katika ploti yao ya nyumba za kupanga kuna mtoto aliyewahi kupasuliwa kwa minyoo kweli.

"Sasa hata daktari mwenyewe ameandika dawa ya minyoo," akasema. "Ni Mungu ameniona. Akija hapa, wewe mwambie tu ni ya minyoo. Si hata ni kweli?"

Nikafikiri, nikaona hata ni kweli.

Wiki mbili baadaye Mzee Musyoka akaja mwenyewe. Mtu mrefu, mkimya, vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliweka karatasi kaunta akaishikilia kwa kidole, nisiivute.

"Daktari," akasema, "mimi nataka kujua. Hii dawa ni ya nini?"

"Ni ya minyoo, Mzee."

"Minyoo gani ya mwaka mzima?"

Hapo ningeweza kumrudisha kwa daktari wake, na isingekuwa vibaya kwa yeyote. Badala yake nilitunga. Nikamwambia kuna minyoo sugu inayojificha kwenye kuta za utumbo na kutoka kidogo kidogo, ndiyo maana dawa inarudiwa. Akaniuliza, na sindano ya kila wiki? Nikasema hiyo ni ya kumpa nguvu baada ya upasuaji. Akaondoa kidole.

"Afadhali. Mimi nilikuwa nadhani ni kitu mbaya," akasema, akanishukuru kwa mikono miwili.

Alikuja hivyo miezi kadhaa. Alikuwa mteja mzuri, anarudisha bahasha tupu nione amemaliza, hajakosea hata siku moja. Kisha akakosa zamu moja, akakosa ya pili, na siku moja badala yake akaingia Mama Mbithe, leso imefungwa ovyo, akaketi kwenye benchi kabla hajaamkia mtu.

Ile sindano ilikuwa imemshika mumewe vibaya. Kutapika alivumilia. Lakini ilimchubua viganja vya mikono, ngozi ikawa inatoka kama ganda la kitunguu, akashindwa kushika patasi. Akakaa akawaza. Sindano ni ya nguvu, na inammaliza nguvu. Ugonjwa ni minyoo, na dawa ya minyoo anayo. Basi sindano ya nini? Akaacha kwenda kliniki. Kisha rafiki yake, dalali wa mbuzi pale Kiamaiko, akaiona bahasha yetu na kusoma jina, akamwambia hii si ndiyo tunanywesha mbuzi kila siku? Ikanunuliwa chupa ya agroveti. Kibandiko kilikuwa na vipimo vya mbuzi kwa uzito, na mzani haukuwepo, kwa hiyo madalali wawili walimkadiria Musyoka kama wanavyokadiria mnyama sokoni, kwa jicho na kwa kumshika kiunoni, wakakubaliana kwamba ni sawa na mbuzi wawili wakubwa na mwanambuzi mmoja. Dozi ikatoka hapo.

Najua mnacheka. Hata mimi sasa nacheka kidogo. Lakini siku ile sikucheka, kwa sababu katika mpango mzima wa Musyoka sikuona kosa la akili hata moja. Kila hatua aliyoichukua ilitoka kwenye maneno yangu.

Mzee Gathecha alikuwa amesikia yote. Akaniuliza, "Ulimwambia dawa ni ya nini?"

"Ya minyoo."

"Na sindano?"

"Ya nguvu."

Akavua miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa tena. "Basi alikusikia vizuri," akasema.

Ningependa angenipigia kelele. Aliketi na Mama Mbithe, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba dawa ya minyoo bila sindano haimtibu mumewe, kwamba wiki zinapita, na kwamba mtu hawezi kukubali kuchubuka mikono kwa ajili ya minyoo. Lazima ajue anachopigana nacho. Mama Mbithe alinigeukia mimi, wala si yeye.

"Akilala akiangalia ukuta, ni wewe utakuja kumgeuza?"

Alikaa pale benchi mpaka wakahudumiwa wateja watatu au wanne. Halafu akasimama, akafunga leso upya. Akasema niende Jumapili baada ya kanisa, nimwambie mimi mwenyewe, maana yeye hawezi, lakini atakuwepo.

Nilimkuta Mzee Musyoka uani, kwenye kijisehemu kati ya karo la kufulia na ngazi za ghorofa, anapiga msasa. Mbele yake walikuwa twiga sita wamepangwa, wote hawana masikio. Masikio aliyachonga mwisho kwa sababu ndiyo yanayovunjika upesi. Alifurahi sana kuniona. Akamwambia mkewe alete chai, akafuta kigoda kwa shati lake nikae, kisha akanyoosha viganja vyote viwili chini ya macho yangu.

"Angalia, Daktari. Imepona kabisa. Ile sindano ndiyo ilikuwa inaniharibu."

Viganja vilikuwa vimepona kweli, vigumu na safi. Chini ya meza yake ya kazi ilikuwapo ile chupa, na picha ya mbuzi kwenye kibandiko. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi na yote yalinipotea. Nikasema kwamba kilichotolewa tumboni mwake hakikuwa minyoo. Ilikuwa kansa. Sindano ni ya kansa, na vile vidonge daktari aliviongeza kuisaidia sindano. Havifanyi kazi bila sindano, wala hiyo ya mbuzi haifanyi.

Hakuacha kupiga msasa. "Wewe uliniambia ni minyoo."

"Nilikudanganya, Mzee."

"Na ile ya nguvu?"

"Hiyo pia nilikudanganya."

Akamtazama mkewe aliyesimama mlangoni na birika. "Na wewe, Mama Mbithe?"

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Nilikuwa naogopa utaenda kama kaka."

Mtoto wa jirani alipita na ndoo, akatuamkia, tukamwitikia wote watatu kwa adabu kama watu wasio na shida. Mzee Musyoka aliweka twiga chini.

"Kwa hivyo kati ya nyinyi wote," akasema, "ni dalali wa mbuzi pekee aliniambia kitu ya ukweli. Alisema ni dawa ya mbuzi, na ni ya mbuzi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena kazini, na nimewahi kufanya makosa mengine. Kisha akaniuliza akirudi kwenye sindano, kama atapona. Lilikuwa swali nililoliogopa njia nzima. Ulimi wangu ulikuwa umezoea kuwapa watu walichotaka, na nilihisi neno "ndiyo" likiwa tayari mdomoni.

"Sijui, Mzee," nikasema. "Hata daktari wako hajui. Anajua tu kwamba bila sindano ni mbaya zaidi."

"Hapo sasa nakuamini," akasema.

Hakulala akiangalia ukuta. Alinywa chai yake yote. Aliniomba kalamu, akaniambia niandike jina la ugonjwa kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, akaisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati. Chupa akasema atairudisha kwa wenyewe, wana mbuzi wa kutosha. Ila Mama Mbithe alilia, na hapo Musyoka ndiye aliyeinuka akamshika bega. Kliniki ilikuwa Jumanne. Alienda.

Daktari alikasirika, akampima damu, akaanza sindano upya. Viganja vikachubuka tena, na safari hii alivifunga vitambaa akaendelea na kazi nyepesi, kupaka rangi na kung'arisha. Alikuwa amekosa sindano wiki tisa. Kama wiki hizo zilimgharimu chochote, hakuna wa kuniambia, na nimeacha kuuliza.

Dukani alirudi kila baada ya wiki mbili kama zamani, lakini mambo mawili yalibadilika. Kwanza, hakuniita daktari tena. Aliniita Wanjiru, ambalo ndilo jina langu. Pili, hakugusa bahasha mpaka nimjibu swali lake mbele ya foleni.

"Hii ni ya nini, Wanjiru?"

"Ni ya kansa, Mzee. Pamoja na sindano."

"Sauti."

"Ni ya kansa, pamoja na sindano."

Mnakumbuka, au labda hamkumbuki, jinsi neno hilo lilivyokuwa likisemwa mitaani siku hizo, kwa mkono kufunika mdomo. Kina mama wa minyoo waliwavuta watoto wao nyuma kana kwamba ninaambukiza. Mara ya kwanza nilitaka ardhi inimeze. Mara ya nne au ya tano, mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake alingoja duka liishe watu, akaniuliza kwa sauti ndogo mahali kliniki hiyo ilipo. Akaja mwingine baada yake. Musyoka sikumweleza, maana nilihofu angezidi kuniambia nipaze sauti.

Kabla muongo ule haujaisha, karatasi za levamisoli zilikoma kuja. Mzee Gathecha alipiga simu kuuliza, maana mimi nilikuwa sitaki. Madaktari walikuwa wamepata dawa nyingine ya kuunganisha na ile sindano, matokeo yakawa bora, na levamisoli ikaonekana mchango wake ni mdogo kuliko walivyotumaini, tena kwa wagonjwa wengine ilikuwa ikishusha chembe nyeupe za damu kwa hatari. Ikarudi kwa minyoo na mbuzi. Kwa hiyo nilichojivunia ndicho kilichoachwa, na kile nilichokiita sindano ya nguvu, kwa kujifurahisha tu kaunta, ndicho kilichokuwa kikifanya kazi. Msije mkamwambia mgonjwa kazi ya dawa ambayo aliyeiandika mwenyewe haijui. Na mkiombwa na ndugu mfiche jina la ugonjwa, mwiteni huyo ndugu nyuma ya rafu, mkae naye hata kutwa, lakini msikubali.

Mzee Musyoka alimaliza mwaka wake wa dawa. Sifa hiyo msinihesabie mimi. Kuna wengine niliowatolea dawa zile zile, wakameza kila kidonge, wakadungwa kila sindano, na tukawazika. Yeye alibaki, viganja vikarudi, twiga wakaendelea kupata masikio.

Labda mwaka mmoja na nusu baadaye aliingia dukani akiwa amemshika mkono mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka minne mwenye tumbo mbele, anajikuna. Hakuwa na karatasi ya mtu yeyote. Nikamtazama mtoto, nikauliza maswali yangu, nikatoa levamisoli ya watoto, ya mara moja, nikaitia kwenye bahasha na kuisukuma juu ya kaunta. Mzee Musyoka hakuichukua.

"Hii ni ya nini, Wanjiru?"

"Ni ya minyoo, Mzee."

Tulitazamana. Foleni ilikuwa ndefu, mtoto alikuwa akimvuta suruali, na mimi nilisimama pale na ukweli wangu wote, sina cha kuuongeza. Kisha polepole, bila hasira yoyote, akanipita kwa macho mpaka nyuma ya duka alikokaa Mzee Gathecha, akangoja. Mzee Gathecha akainuka, akaja, akaifungua bahasha, akakitazama kidonge pande zote mbili, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo Musyoka akaitia mfukoni.